Ngozi Niliyoitoa kwa Blanketi

Mjukuu wangu wa kwanza ni mrefu, ana shingo nzuri, na anaweza kumchoma mtu sindano bila mtu huyo kupiga kelele. Hiyo ndiyo kazi yake sasa, hospitalini, huku Buffalo, Amerika. Tukienda kanisani pamoja natembea polepole makusudi, watu wapate muda wa kutuangalia. Wanaosema najivuna wanasema kweli. Mimi nilisoma miaka mitatu tu, chini ya paa la nyasi, halafu nikatolewa nikachunge ndama. Kusoma kwangu ni Biblia ya Kiswahili, na kuandika kwangu ndiko huku mnakokuona. Yeye ana vyeti vinne ukutani. Mniache nijivune.

Lakini mtoto huyo nilimdanganya jambo moja tangu akiwa mdogo mpaka siku moja kabla ya harusi yake. Nataka niliandike jinsi lilivyoanza na jinsi lilivyoisha, kabla kichwa changu hakijaanza kuchanganya.

Lilianzia Louisville, mezani jikoni. Tulikuwa hatujamaliza miaka miwili Amerika. Mwanangu alikuwa anakata nyama kiwandani, mkewe anafua mashuka hotelini, na mimi nabaki na mtoto akitoka shule. Alikuwa na miaka tisa. Siku hiyo nilikuwa nachambua mboga za lengalenga tulizopanda nyuma ya kanisa, yeye akaingia na kitabu kikubwa cha picha. Mwalimu alikuwa amempa kazi: aeleze darasani habari za wachuuzi wa manyoya, wazungu wa zamani waliokuwa wakipita mitoni kununua ngozi kwa wenyeji wa nchi hii, wale ambao wazungu waliwaita Wahindi ingawa si Wahindi.

Alifungua ukurasa. Nikaona mzungu mwenye ndevu amesimama mlangoni pa duka la magogo. Mbele yake lundo la ngozi. Nyuma yake mashoka, sufuria, shanga, na blanketi zimepangwa mpaka darini.

Akafungua ukurasa mwingine. Nikaweka mboga chini.

Mwanamke alikuwa amepiga magoti kwenye majani. Mbele yake ngozi imetandazwa, imefungwa kwa vigingi pande zote, naye ameshika mfupa, anaikwangua.

"Huyu anakosea," nikasema.

"Tate, ni picha tu." Tate ndivyo kwetu wajukuu wanavyomwita bibi.

"Hata kama ni picha. Anaanza katikati. Ukianza katikati ngozi inakunjamana kama uso wangu. Unaanza pembeni."

Akacheka, akaniangalia vizuri. Watoto wetu wa hapa wanakuangalia vizuri wakigundua kwamba na wewe unajua kitu. Akaanza kunisomea, Kiingereza kwanza, halafu Kiswahili chake cha kuokoteza. Kuna mnyama wa mtoni anaitwa biva, mkia wake bapa kama mwiko, anaangusha miti kwa meno. Manyoya yake yalipelekwa Ulaya kutengenezea kofia.

"Kofia? Watu wakaumia hivyo kwa ajili ya kofia?"

"Si watu, Tate. Biva."

"Soma mbele. Utawakuta na watu."

Akasoma mbele, na kweli wakawepo. Ukurasa huo ulikuwa na mwanamume amekaa nyuma ya meza, ana kalamu, ana daftari. Mbele yake mstari mrefu wa watu wenye blanketi mabegani. Nikauliza huyu mwenye meza ni nani.

"Anaitwa ajenti. Serikali ilimtuma akae na hawa watu. Anaandika majina yao, anawagawia unga na nyama, halafu anawaambia watahamia wapi."

Nilicheka mpaka mkwe wangu akatoka bafuni na sabuni masikioni kuuliza kuna nini.

"Huyu namjua!" nikamwambia. "Huyu alikuwa Burundi, kambini! Alikuwa na koti la bluu na kalamu za biki tatu mfukoni!"

Maana ndivyo ilivyokuwa. Sisi wakimbizi tulipanga mstari mbele ya meza yake miaka na miaka. Unga alipima yeye, jina aliandika yeye, na siku moja aligeuza karatasi akasema, ninyi mnaenda Louisville. Nikamuuliza Louisville iko wapi. Akasema, iko Amerika, mwingine aje. Tulipofika tukapokelewa na mwingine, mama mmoja mwema sana. Alitufundisha kuwasha jiko, akatuletea makoti, na tulipohama alilia kuliko sisi. Kuna ajenti mbaya na kuna ajenti mwema. Lakini wote wawili, meza iko upande wao.

Mtoto akaweka kidole kwenye picha ya yule mwanamke wa vigingi. "Na wewe Tate, ulifanya hivi kweli?"

Bon. Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Lakini mtu akikuuliza kitu unachokijua, baada ya miaka miwili ya kuulizwa vitu usivyovijua tu, mdomo unajifungua wenyewe.

Nikamweleza ya kwetu, juu milimani, Itombwe. Msichana anapokaribia kutoka kwao kwenda kuolewa, siku moja kabla, wanawake wanafunga mlango. Anakaa chini kwenye ngozi ya ng'ombe ambayo mama yake alikalia, na kabla yake mama wa mama yake. Ananyoosha miguu. Mwanamke mkubwa wa nyumba anampaka siagi kuanzia vidole mpaka magotini, huku wanaongea. Na hapo kuna sheria moja. Juu ya ngozi ile hakuna kudanganya, awe aliyekaa au anayempaka. Bibi harusi anaruhusiwa kuuliza chochote, na lazima ajibiwe kweli. Mimi mama yangu aliniambia pale kwamba yeye hakumpenda baba miaka miwili ya kwanza, kwamba alikuwa anampikia huku amemgeuzia mgongo. Nikashangaa, maana niliwajua kama watu wanaocheka pamoja wakikamua. Akasema, sasa unajua kwamba inaweza kugeuka.

Ngozi yetu ilikuwa ya ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe shingoni. Kingo zake zilikuwa zimelainika kama sikio la ndama. Wanawake watatu walikuwa wameikalia kabla yangu.

Mtoto alisikiliza mdomo wazi. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza koti lake liko wapi: "Na yangu?"

"Yako?"

"Ngozi yangu ya kukalia. Iko wapi?"

Nikachukua mboga zangu. "Iliungua," nikasema. "Nyumba yetu ilipochomwa, iliungua nayo."

Akashika mkono wangu, maskini, akanipa pole. Kwa aibu nikamwahidi: "Wewe utakalia ngozi. Nitakutengenezea nyingine mimi mwenyewe."

Nyumba yetu iliungua kweli. Ngozi haikuwamo.

Sasa niseme ilikokuwa. Tuliposhuka milimani kukimbia vita, ilikuwa mgongoni mwangu, nimeikunja kama mkeka. Mume wangu alibaki nyuma na ng'ombe, akasema atatufuata. Hakufuata. Mwanangu, huyu huyu baba wa mjukuu, alikuwa na miezi minane, kifua kinamlia kama mlango mbovu. Mvua ilitunyeshea siku mbili. Ngozi ililowa, na ngozi iliyolowa haifuniki mtoto, ni baridi kuliko jiwe.

Pale njia inapofika tambarare, karibu na Uvira, alikuwepo mchuuzi mmoja. Sote tulimjua. Miaka ya amani alikuwa anapanda kwetu wakati wa kiangazi na chumvi, sindano na vitambaa, anashuka na ngozi. Alikuwa mcheshi, anamwita baba yangu mkwe wake, anatutania sisi wasichana. Mwaka ule hakupanda. Alijua tutashuka. Alikuwa ametandaza turubai, juu yake blanketi za kijivu zenye mstari mwekundu, na pembeni lundo lake lilikuwa limekwisha kuwa kubwa: ngozi, vibuyu vya maziwa, bangili.

"Dada," akaniambia, "mtoto anatetemeka."

"Nimeona."

"Ngozi hiyo nzuri."

"Si ya kuuza."

"Sijasema uuze. Nimesema mtoto anatetemeka."

Hakunitishia, hakunishika mkono. Alingoja tu, na mtoto akakohoa. Nikaivua mgongoni nikampa. Akanipa blanketi moja. Wifi yangu aliyekuwa nyuma yangu akatema mate chini, akasema, "Umemtoa mama yako." Nilikuwa namfunga mtoto.

Blanketi lilifanya kazi yake. Lilidumu mpaka kambini, likawa shuka, likawa pazia, likawa matambara. Lakini yale maneno ya wifi hayakuchakaa. Ndiyo maana mezani Louisville, mtoto alipogeuza kitabu na kunisomea kwamba ngozi kadhaa za biva zilitolewa kwa blanketi moja, mimi niliinama kwenye lengalenga nikawa nahesabu majani.

*

Kutoka Louisville tulihamia Columbus, Ohio. Watu wa kanisa letu walisema kule kuna kazi za maghala zinazolipa vizuri, na waimbaji ni wengi. Tukapanga nyumba Northland, ghorofa ya chini, karibu na barabara ya Morse. Ukitoka mlangoni unapata sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, unapata na unga wake, unapata mtu wa kugombana naye kwa lugha yako. Mwanangu akaenda kwenye maboksi, mkewe akapata kazi ya kumwosha na kumlisha mzee mmoja wa kizungu huko Gahanna.

Siku moja mkwe wangu akarudi akanisimulia kwamba mtoto wa yule mzee anawinda kulungu. Nyama wanakula. Ngozi wanatupa.

"Wanatupa wapi?" nikauliza.

"Mama, usianze."

"Nimeuliza tu wanatupa wapi."

Mkwe wangu ni mtu mzuri, sitamsema vibaya. Wiki iliyofuata aliingia na mfuko mweusi wa takataka, ameubeba mbali na mwili. Alikuwa amepanda nao basi la barabara ya Morse. "Watu walihama viti, mama," akasema. "Wote. Nilikuwa peke yangu nyuma kama rais."

Nilifurahi nikasahau nilipo. Nikaenda nyuma ya jengo, kwenye majani yale wanayokata kila wiki, nikaitandaza. Vigingi sikuwa navyo, nikatumia uma za mezani na fimbo ya ufagio niliyoikata vipande. Nikaanza kukwangua, kuanzia pembeni. Mikono ilikumbuka yote. Nakwambia, mikono haikuwa imesafiri kwenda popote, ilikuwa bado Itombwe. Majirani Wanepali walisimama kwenye baraza zao wakiniangalia, na mama mmoja mzee katikati yao akatikisa kichwa kwa kukubali. Yeye alijua.

Kisha nikaipaka siagi. Nilikuwa nimenunua pakiti nne dukani, zenye karatasi ya dhahabu. Nikaipaka nene, nikaikanyaga kwa miguu, nikaipaka tena.

Siku ya pili ilikuwa mbichi. Siku ya tatu ilikuwa mbichi zaidi, inateleza kama samaki. Nikadhani ni jua, maana jua la Ohio mwezi wa kumi na moja ni la mapambo. Siku ya nne ilikuwa inanuka, nzi wasiostahili kuwepo baridi ile wakawepo, na mnyama mmoja wa hapa, mwenye uso kama aliyevaa miwani myeusi, akaja mchana kweupe kuilamba. Siku ya tano akaja meneja wa majengo na karatasi mkononi.

Mjukuu wangu, wakati huo ana miaka kumi na miwili, ndiye aliyesimama katikati yetu kutafsiri.

"Anasema nini?"

"Anauliza nani ameua mbwa."

"Mwambie si mbwa, ni kulungu!"

"Tate, hiyo haitusaidii."

"Mwambie basi ni mambo ya harusi."

Mtoto akamwambia. Meneja akamwangalia mtoto, akaangalia ngozi, akaniangalia mimi na uma zangu. "Anauliza harusi ya nani."

"Yako."

"Tate!"

Mwanangu aliporudi kazini alikuta ile karatasi mlangoni. Hakunipigia kelele, ni mtoto niliyemlea. Akasema tu, "Mama, minakuomba. Hii nyumba si yetu. Tukifukuzwa hapa tutaenda wapi tena?" Akaikunja ile ngozi, akaipeleka kwenye pipa kubwa la takataka, na niliona jinsi alivyoibeba kwa mikono miwili, si kwa kuiburuza. Yeye hakujua kwamba kuna nyingine ilitolewa kwa ajili yake. Sikuwahi kumwambia.

Mjukuu akakaa na mimi jikoni. Akaokota karatasi ya siagi, akaisoma.

"Tate, hapa wameandika ina chumvi."

"Nani ametia chumvi?"

"Kiwanda. Iko hivyo."

Sikuamini mpaka nilipolamba kidole. Kwetu chumvi inalambwa na ng'ombe, hatuitii kwenye siagi yao. Ni kama kumtia mtoto pilipili kwenye maziwa. Na chumvi kazi yake ni kuvuta unyevu wa hewani. Nilikuwa nimekaa siku tano nailowesha ngozi kwa mikono yangu mwenyewe.

"Haidhuru," mtoto akasema, akaegemeza kichwa begani kwangu. "Ile iliyoungua ndiyo ilikuwa yangu. Vita ndiyo imeichukua. Si kosa lako."

Nilitamani anitukane.

*

Miaka ikaenda. Alimaliza shule, akaja kusomea uuguzi Buffalo, akapata kazi, akapata na kijana wa kwetu, mtaratibu, anaimba besi. Posa ikaletwa, tukakubali. Harusi ikapangwa kiangazi. Mimi nikatangulia kuja kukaa naye miezi mitatu, huku upande wa magharibi wa mji. Asubuhi natembea mpaka Grant Street kununua samaki wakavu na kusikia habari. Wanawake wa pale walikuwa wananiuliza gauni limefika, keki itakuwa ya ghorofa ngapi. Hakuna aliyeuliza ngozi. Wengi wao zao zilibaki vilevile kama yangu, sijui kwa njia gani, na mimi siulizi.

Jumamosi moja mjukuu akasema, "Leo nakupeleka mahali." Akaniendesha mpaka kwenye nyumba moja ya makumbusho kando ya mto, ambako wamejenga upya duka la mchuuzi wa manyoya. Alikuwa hajasahau kile kitabu.

Niliingia nikasimama. Magogo yaleyale. Mashoka, shanga, sufuria. Blanketi zimepangwa, na nyingine zilikuwa za kijivu. Na nyuma ya meza mzungu mwenye ndevu, amevaa nguo za ngozi zenye nyuzinyuzi, kazi yake kuigiza. Akanitolea meno, akasema kitu.

"Anasema karibu mama, umeniletea ngozi gani leo?"

"Mwambie sina. Mwenzake alishaichukua."

Mjukuu hakutafsiri. Akanigeukia. "Mwenzake nani, Tate?"

"Naongea tu."

"Mwenzake nani?"

"Twende kule nyuma. Hapa joto."

Nyuma, uani, kulikuwa na mwanamke wa umri wangu, nywele nyeupe amezisuka msuko mmoja, suruali ya jinsi, miwani puani. Alikuwa mwenyeji wa kweli wa nchi hii, taifa lake lina ardhi yao si mbali na mji. Mbele yake ngozi ya kulungu imevutwa kwenye fremu ya miti, naye anaikwangua. Nikaangalia mikono yake. Alikuwa ameanzia pembeni.

Nikapiga makofi. Akashtuka, halafu akanipa kile chuma chake, akakaa kuniangalia. Nilifanya labda robo saa. Watu wawili watatu walipiga picha, sikuwajali.

"Anauliza ulifundishwa na nani," mjukuu akasema.

"Na mama yangu."

"Anasema yeye na bibi yake."

"Muulize kama kwao ajenti alifika."

Yule mwanamke akacheka kicheko kifupi. Akasema, na mjukuu akanitafsiria kidogo kidogo: zamani sana serikali iliahidi kwenye mkataba kuwapa watu wake kitambaa kila mwaka. Ajenti alikuwa anakileta. Mpaka leo kinakuja. Wakati wa mababu kilikuwa cha kushona nguo, sasa ni kipande kidogo tu. "Anasema wanakipokea hivyo hivyo, ili serikali isije ikasema mkataba umekufa."

Nilimpenda. Hatukuwa na hata neno moja kati yetu, lakini nilimpenda. Akauliza mimi ngozi ningeifanyia nini, mjukuu akamweleza mwenyewe, bila kuniuliza, habari yote: kukaa, siagi, maswali. Hata ile ya Columbus na chumvi. Yule mama alicheka akavua miwani akajifuta macho. Kisha akasema nije kwake Jumamosi zinazofuata. Fedha hakutaka. Nikampelekea mikate ya kukaanga, ile ya duara ya kwetu, akala mitano.

Tulifanya kazi Jumamosi nne. Yeye kwao wanalainisha kwa ubongo wa kulungu mwenyewe. Nilikunja pua, akakunja pua yake kwa siagi yangu, basi donc tukawa sawa. Mwishoni akaitundika juu ya moshi wa kuni zilizooza, ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Siku ya mwisho akanirushia, kama unavyomrushia mtu taulo. Ilikuwa laini. Ilikuwa ndogo pia, kulungu si ng'ombe. Nikaibeba nyumbani magotini ndani ya gari, lakini sikufurahi. Maana sasa ngozi ilikuwepo. Na sheria yake ilikuwepo.

*

Siku moja kabla ya harusi, saa nane mchana, tulifunga mlango wa sebule. Tulikuwa mimi, mkwe wangu, na shangazi wawili wa bwana harusi. Wanaume walikuwa nje wanapanga viti na kupika. Nikatandaza ngozi juu ya zulia. Mjukuu akaweka simu mbali, akakaa, akanyoosha ile miguu yake mirefu mpaka visigino vikatoka nje ya ngozi. Tukacheka. Siagi ilikuwa isiyo na chumvi, aliisoma karatasi yake mara tatu mwenyewe.

Nikaanza kumpaka. Shangazi wakasema yao, ya kuficha fedha kidogo, ya kutokuamka na hasira. Mama yake akamwambia jambo ambalo sitaliandika. Kisha tukasema, uliza.

Nilidhani atauliza ya wanaume. Nilikuwa nimejiandaa.

"Tate, ile iliyoungua. Ilikuwaje?"

Mkono wangu ulikuwa kwenye goti lake. Nikauacha hapo hapo.

"Haikuungua," nikasema.

Nikamwambia yote. Mvua, kifua cha mtoto, turubai, yule mchuuzi aliyemwita baba mkwe, na ile "Dada, mtoto anatetemeka" yake. Nikamwambia na yale ya wifi, mate na maneno. Nikamwambia kwamba nilimdanganya akiwa na miaka tisa kwa sababu alikuwa amenitazama kama mtu anayejua kitu, na sikutaka anitazame vingine. Mkwe wangu alikuwa ameweka mkono mdomoni. Huyo mtoto wa kukohoa ni mume wake, na hakuwa amejua.

Mjukuu alikuwa anaangalia miguu yake inavyong'aa.

"Blanketi lilikuwa rangi gani?" akauliza.

"Kijivu. Mstari mwekundu."

"Na mtoto alipona?"

Kabla sijajibu mlango ukagongwa kwa ngumi. "Ninyi huko ndani!" Alikuwa mwanangu, sauti yake inaweza kuvuka mto. "Sahani ziko wapi? Mchele unaungua na ninyi mumejifungia!"

"Njo huyo mtoto wa blanketi?" mjukuu akaniuliza.

"Njo huyo."

Alianza kucheka, akacheka mpaka akalala chali, na mama yake naye, na mimi machozi yananitoka sijui ya upande gani. Nje mwanangu akasema, "Wamekuwa wazimu," akaenda zake. Kifua chake hakikuwa kinalia hata kidogo.

Mjukuu akainuka, akajifuta uso kwa kiganja. Akasogea pembeni, akapiga ile nafasi kwa mkono, kama anavyowapigia wagonjwa kitanda. "Ukae, Tate."

"Si yangu. Ni ya bibi harusi."

"Ukae."

Nikakaa. Ngozi ya kulungu haitoshi watu wawili, nusu yangu ilibaki kwenye zulia. Akanishika mkono wenye siagi. Nikafumba macho nikainama kidogo kunusa, nikitafuta ng'ombe mwekundu mwenye doa shingoni, na moshi wa kwetu, na mama. Nilipata kulungu. Nilipata moshi wa yule mama wa msuko. Harufu nzuri tu, siikatai.

Nikaendelea kunusa.